Premiere, Resolve au CapCut: kwa anayeanza kuhariri video Dodoma

Mwezi wa saba ndio mwezi wa maswali. Bunge la bajeti limeahirishwa, vyuo vinafunga mwaka, na vijana wenye simu nzuri na hamu ya kazi wananitafuta. "Shikamoo kaka. Nataka kujifunza kuediti kiprofesheno. Nianze na Premiere au Resolve?" Anazungumzia Adobe Premiere na DaVinci Resolve, programu mbili za kuhariri video kwenye kompyuta. Wengine wamemaliza wiki mbili wakitazama watu wa YouTube wakibishana juu ya jambo hilo hilo, na wametoka huko wamechoka kuliko walivyoingia.

Nimehariri video katika mji huu miaka kumi na miwili: harusi, kwaya, semina za taasisi, makala za miradi ya maji na za wakulima wa zabibu wa Hombolo na Mpunguzi. Premiere nimeitumia muda mrefu, kisha kazi zangu mwenyewe nikazihamishia Resolve. Premiere bado naifungua kila ninaposhirikiana na ofisi za watu. Kwa hiyo simpigii debe mtu yeyote. Kijana akiniuliza swali lile, na mimi humuuliza mawili kabla ya kujibu: kompyuta yako ikoje, na unataka kumhariria nani? Nikishapata majibu hayo, sehemu kubwa ya ubishi wa YouTube huwa haituhusu tena.

Mashine kwanza

Kijana mmoja wa Nkuhungu alikuja na laptopu ya mtumba, zile za kiofisi, RAM gigabaiti 8, haina kadi ya grafiki ya peke yake. Alikuwa ameshusha Resolve kwa bando la usiku, zaidi ya gigabaiti mbili, akaingiza klipu za 4K alizopiga kwa simu ya mjomba wake. Kompyuta ikaganda. Akahangaika siku tatu. Siku ya nne alikuwa ameanza kuamini kwamba kazi hii si ya watu kama yeye. Liliniuma sana jambo lile, maana kijana ana jicho zuri. Alichokosea ni kuipa mashine mzigo isiouweza, na hakuwepo mtu wa kumwambia.

Resolve huitegemea kadi ya grafiki karibu katika kila inachofanya. Watengenezaji wake, Blackmagic Design, wanashauri RAM ya gigabaiti 16, na 32 kama utatumia Fusion, sehemu yake ya kutengeneza michoro inayotembea. Premiere nayo si nyepesi. Adobe wanataja gigabaiti 8 kuwa kima cha chini na 16 kwa kazi za HD. Ila kwenye mashine dhaifu Premiere inavumilia kidogo pale ambapo Resolve inakataa kabisa.

Kuna jambo ambalo wanafunzi wengi huelezwa wakiwa wamechelewa. Faili la simu ni dogo lakini ndilo linaloitesa kompyuta. Simu na kamera nyingi hurekodi kwa kodeki (njia ya kubana video) ya H.264 au H.265, ambayo haihifadhi kila fremu, yaani kila picha moja ya video, ikiwa kamili. Inahifadhi fremu moja nzima, kisha zinazofuata inaandika tofauti zake tu. Ukisogeza kishale katikati ya klipu, kompyuta inalazimika kurudi nyuma, kuchukua ile fremu nzima na kujenga upya zote zilizofuata hadi pale uliposimama. Ndiyo maana video ya gigabaiti moja inagandisha mashine, wakati ya ProRes, kodeki inayohifadhi kila fremu kamili, yenye gigabaiti kumi inateleza.

Dawa yake ni proksi: nakala nyepesi za klipu zako. Unakata kwa nakala, na wakati wa kurenda, yaani kutoa video iliyokamilika, programu inarudi kwenye klipu halisi. Premiere, Resolve na Kdenlive zote zinazo. Ukinunua SSD (diski ya kasi) ndogo ya kuwekea proksi, umejipunguzia gharama ya kununua kompyuta mpya kwa muda. Yule kijana wa Nkuhungu tulimwekea Kdenlive, programu huria iliyoanza mwaka 2002, isiyolipiwa na isiyo na madaha mengi, tukawasha proksi. Alikata kwayo kwa muda wa miezi sita, harusi mbili zikiwemo, hadi akapata hela ya mashine ya maana. Leo yuko Resolve. Hakuanza upya alipohama, kwa sababu vitufe vya kibodi, J ya kurudisha nyuma, K ya kusimamisha, L ya kupeleka mbele, I ya kuanza na O ya kuishia ni zile zile katika karibu programu zote za kazi hii.

Kama ndiyo kwanza unanunua, tanguliza SSD, kisha RAM ya 16, kisha kadi ya grafiki yenye walau gigabaiti 4 zake yenyewe. Na katika mji huu weka bajeti ya kusafisha feni. Upepo wa kiangazi ukianza, vumbi jekundu linaingia hadi ndani ya droo zilizofungwa. Kompyuta ikiziba inapata joto, na ikipata joto prosesa inajipunguzia kasi yenyewe ili isiungue. Nimeona watu wakiilaumu programu, kumbe ni vumbi la Ihumwa limeshona kwenye feni.

Premiere na Resolve, bega kwa bega

Tuanze na hela, maana ndiyo inayoamua nyumba nyingi. Tangu mwaka 2013 Adobe waliingiza programu zao kwenye malipo ya kila mwezi. Huwezi tena kuinunua Premiere ikawa yako. Kwa mkataba wa mwaka, Premiere peke yake ni zaidi kidogo ya dola 20 kwa mwezi. Resolve ina toleo la bure, na toleo la Studio ambalo unalilipia mara moja tu, dola 295, ambazo kwa fedha zetu ni kati ya laki saba na laki nane. Yaani gharama ya mwaka mmoja na kidogo wa Premiere inakupa Studio ya kudumu. Na lile la bure si la kudanganyia wateja: halibandiki chapa kwenye video yako mradi hujagusa athari za Studio, na linatoa hadi 4K ya 3840 kwa 2160, fremu 60 kwa sekunde. Nimewaandalia watu kazi za kulipwa kwa lile toleo la bure zaidi ya mwaka. Kilichonifanya nilipie Studio ni kitu kimoja: kuondoa chengachenga za giza. Kumbi zetu za send-off zina taa za rangi na giza jingi katikati, na kamera ikilazimishwa kuona gizani picha inajaa punje. Kifaa cha kuzisafisha hizo kiko Studio tu.

Hapa lazima niseme juu ya programu za kukreki, kwa sababu ndivyo Premiere nyingi za mjini zilivyoingia kwenye kompyuta: kwa flashi, kutoka kwa rafiki. Na mimi nilianza hivyo, na sijivunii. Mwaka mmoja kirusi kilichokuja na faili la kukreki kilifunga kila klipu ya harusi ya mteja, na bibi harusi yule hana hadi leo picha ya baba yake akimkabidhi. Baba mwenyewe ameshafariki. Hakuna punguzo la bei nililoweza kumpa la kulipia hilo. Tena kazi hii unaifanya chini ya sheria ya hakimiliki, ile namba 7 ya mwaka 1999, ambayo ndiyo inayoilinda na video yako isichukuliwe. Ukiwa huna hela, Resolve ya bure na Kdenlive zipo. Hakuna sababu tena.

Tuje kwenye umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi, Resolve inakuwa imeshahifadhi kila badiliko ulilofanya, papo kwa papo. Premiere inahifadhi yenyewe kila baada ya dakika kadhaa, kwa hiyo unaweza kupoteza kipande. Ni faida kubwa kwa Resolve. Lakini inakuja na mtego wake, na mtego huo uliniumiza. Kazi ya Premiere ni faili, unaliona kwenye folda, unalinakili kwenye flashi na kumpa mwenzako. Kazi ya Resolve inakaa ndani ya maktaba ya programu yenyewe. Huioni kwenye folda ya harusi pamoja na klipu. Mwaka wangu wa kwanza wa Resolve nilifomati kompyuta nikiwa na klipu zote salama kwenye diski ya nje, nikaamini nimehifadhi kila kitu. Klipu zilikuwepo, makato ya harusi tatu yakawa yamekwenda. Tangu siku hiyo, kila jioni naitoa kazi kuwa faili la drp na kuliweka kwenye diski mbili tofauti. Mwanafunzi wangu hujifunza hatua hii kabla hajajifunza kukata.

Kwenye rangi sina maneno ya katikati. Resolve ilizaliwa kuwa mashine ya kurekebisha rangi za filamu, ya bei ambayo ni maabara kubwa tu ziliweza kuimudu, mpaka Blackmagic, kampuni ya Australia, ilipoinunua DaVinci mwaka 2009 na baadaye kuitoa hadi kwa mtu wa kawaida. Mizizi hiyo inaonekana. Na sisi tunaihitaji kuliko wengi. Fikiria bibi harusi mweusi aliyevaa shela jeupe, saa saba mchana, nje ya kanisa, jua la Dodoma liko utosini. Ukiinua mwanga ili uso uonekane, shela linapotea na kuwa doa jeupe. Ukilinda shela, uso unageuka kivuli. Kwenye Resolve unatenganisha: nodi moja, yaani hatua ya marekebisho, kwa uso, unaufuatilia ukitembea, nodi nyingine kwa shela. Premiere ina Lumetri, paneli yake ya rangi, na ina vipimo vile vile vya mawimbi na duara la rangi, na kazi inawezekana. Inachukua muda zaidi, na mwanafunzi hukata tamaa kabla hajafika.

Hapo hapo nifundishe jambo moja, kwa sababu nimeona ngozi za watu wetu zikiharibiwa sana. Kwenye duara la rangi kuna mstari unaoonyesha mahali pa rangi ya ngozi ya binadamu. Mstari huo ni mmoja kwa Mgogo na kwa Mswidi, kwa sababu ulalo wa rangi unakaribiana, kinachotofautiana ni mwangaza na ukolezo. Kwa hiyo usimng'arishe mtu ili "apendeze". Rudisha ngozi yake kwenye mstari, uache weusi wake ubaki na uhai wake. Watu wakijiona walivyo hasa, wananyamaza kidogo mbele ya skrini, kisha wanatabasamu. Ukimya ule naupenda kuliko malipo.

Jambo la fremu halitajwi na wanaofundisha kutoka Marekani, na lisipokaa vizuri linamaliza watu. Umeme wetu ni wa mzunguko wa 50 kwa sekunde, na televisheni zetu zinakwenda fremu 25 kwa sekunde. Simu nyingi zinatoka dukani zikiwa zimewekwa 30, kwa sababu Marekani umeme wao ni 60. Ukirekodi kwa 30 chini ya taa za tyubu za ukumbi, mara nyingi picha inacheza, inapepesa kama mshumaa kwenye upepo. Kamera iwekwe 25, na shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) iwe sehemu ya 50 ya sekunde. Kwenye kuhariri, Resolve ni kali: ukishaingiza klipu, kasi ya fremu ya mradi inajifunga, na aliyeanza mradi kwa 24 bila kujua anaweza kulia. Anza kwa kufungua mipangilio kabla ya kuingiza hata klipu moja. Premiere inakuruhusu kubadili mpangilio wa taimulaini baadaye, hivyo inamsamehe anayeanza. Na programu zote mbili zinasumbuliwa na simu zinazobadilisha kasi ya fremu zenyewe katikati ya kurekodi: hotuba ya saa mbili inaanza sauti na midomo vikiwa pamoja, inaisha midomo ikiwa imetangulia. Zipitishe klipu hizo kwenye HandBrake, ya bure, uchague kasi isiyobadilika, ndipo uingize.

Sauti nitaipita haraka. Resolve ina Fairlight, sehemu ya kuhariri sauti, humo humo ndani. Premiere inakusindikiza hadi Audition, programu ya sauti iliyo kwenye kifurushi kingine. Kwa anayerekodi kwaya na ngoma, Fairlight inatosha na kuzidi. Kuoanisha kamera tatu kwa mawimbi ya sauti kunafanyika kote kote, na ukirekodi ngoma ya muheme, mapigo ya wale akina mama yanaonekana kama milima kwenye skrini, programu inayapata mara moja. Kilichorekodiwa kikagonga sifuri, kikomo cha kipimo cha sauti, na kukwaruza hakiponi kabisa kwa programu yoyote.

Mpaka hapa utasema nimeshachagua Resolve. Bado. Ofisi nyingi ninazofanya nazo kazi zinatumia Premiere, na wabunifu wao wa grafiki wanaishi ndani ya Photoshop, Illustrator na After Effects. Nembo ya taasisi inakuja kwenye faili la Illustrator, michoro inayotembea inatoka After Effects, na Premiere inaifungua moja kwa moja bila kuirenda kwanza. Mchoraji akibadilisha herufi kule, kwako inabadilika. Ukiajiriwa kitengo cha mawasiliano mwezi Mei na kila mtu anakimbizana na tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unafungwa na makala ya mradi lazima ikabidhiwe, hakuna atakayekusubiri uhamishe kazi kwa faili la XML kutoka programu nyingine. Utakaa kwenye kiti cha mtu aliyehama, utafungua faili lake na kuendelea. Usisahau pia kwamba faili la Premiere mpya halifunguki kwenye Premiere ya zamani. Uliza ofisi wana toleo gani kabla hujafanya kazi nyumbani usiku kucha.

CapCut isidharauliwe

Nimesikia wakubwa wa fani wakiicheka. Mimi nawafahamu akina dada wawili wanaolipa kodi na ada za watoto kwa CapCut kwenye simu tu: matangazo ya saluni, ya vitambaa, ya chakula cha mchana kinachopelekwa maofisini. Video ya wima ya sekunde 40 inatoka saa ile ile mteja anayoihitaji. Kwa kazi ya namna hiyo kumpeleka mtu Resolve ni kumchelewesha.

Inapokwama ni kwenye kazi ndefu. Ukiwa na kamera tatu, sauti ya nje, saa nne za sherehe na mteja anayetaka kurudisha kipande ulichokiondoa jana, CapCut inakuwa nyembamba. Tena vitu vingi vizuri vimehamishiwa kwenye malipo, na utaligundua hilo mwisho, unapotaka kutoa video. Nayo hufundisha tabia moja mbaya: kutegemea tempuleti, ambapo makato yameshaamuliwa na mtu asiyejua mdundo wa wimbo wako. Ikiwa CapCut ndiyo unayoijua, baki nayo, lakini mara moja kwa wiki kata kitu bila tempuleti na bila muziki, maongezi tu ya watu wawili. Ukiweza kulifanya hilo likatazamika, uko tayari kuvuka.

Final Cut Pro ni nzuri na ya haraka, ila inaishi kwenye vifaa vya Apple pekee, Mac na iPad. Mwenye Mac tayari aijaribu. Asiye nayo asiinunue kwa ajili hiyo.

Ujifunzie wapi

Kuna njia tatu mjini hapa, na hazilingani kwa mtu mmoja na mwingine.

Ya kwanza ni chuo. Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), kwenye ndaki yake ya TEHAMA iitwayo CIVE, wana shahada ya media anuwai na uhuishaji. Faida yake kubwa siyo programu. Ni misingi, wenzako wa darasa, na cheti ambacho ajira za serikali zinakidai. Kama ndoto yako ni kukaa Mtumba, kwenye mji wa serikali, katika kitengo cha mawasiliano cha wizara, usijidanganye kwamba utapita dirishani. Nenda darasani. Ubaya wake ni kwamba mwanafunzi anaweza kumaliza bila kuwahi kukabidhi kazi kwa mtu mwenye hasira.

Ya pili ni studio, kwa fundi. Hii ndiyo niliyopita, na ndiyo ninayoipenda, pamoja na maumivu yake. Miezi ya mwanzo unabeba stendi, unashika taa, unakunja waya. Halafu unapewa kazi ambayo hakuna anayeitaka: kupanga klipu, kuzipa majina, kuoanisha sauti. Wanafunzi huiona kama adhabu. Lakini ukitazama klipu 600 za harusi kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, unajifunza kamera ilipochelewa, ambapo shangazi alilia na hakuna aliyegeuka, ambapo MC aliua furaha. Unaanza kuhariri kichwani kabla ya kugusa kibodi. Sijui darasa linalotoa hilo.

Chagua studio kwa maswali mawili. La kwanza: nitapewa lini klipu ghafi za mteja nikate mwenyewe, hata kama hutazitumia? Asiyekuwa na jibu anatafuta mbeba mizigo. La pili: nakala za kazi za wateja mnaziweka wapi? Saa moja ya video ya megabiti 100 kwa sekunde ni gigabaiti 45, harusi ya kamera tatu inajaza diski upesi, na studio inayofuta kamera moja ili kupata nafasi ya nyingine itakufundisha tabia ya kukuharibia jina. Mengine ni ya kuongea kwa heshima mapema: nauli, chakula, na muda wa kujitolea unaishia lini. Fundi muungwana haudhiki kuulizwa.

Ya tatu ni peke yako, na hapa Resolve inaizidi Premiere kwa mbali. Blackmagic wanatoa bure vitabu vya mafunzo pamoja na klipu za mazoezi, na mtihani wa mtandaoni ukimaliza. Vimeandikwa kwa Kiingereza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa ukurasa wa ishirini. Ninachowaambia ni kusoma wawili wawili, na daftari lenye nguzo mbili: neno lao, na maelezo yako kwa Kiswahili jinsi ungemweleza mdogo wako. Nina daftari la binti mmoja wa Kikuyu, mtaa wetu wa hapa, ambaye nodi aliiandika "chujio: picha inaingia huku imechafuka, inatoka kule imetulia". Sijaona kitabu kilichoieleza vizuri zaidi.

Anayejifunza peke yake ana upungufu mmoja mkubwa: hana wa kumwambia kwamba kipande anachokipenda kinachosha. Mtafute mtu huyo. Kwaya ya kanisani kwenu au madrasa ya mtaani wana sherehe kila msimu na hawana mhariri. Wafanyie moja bure, mbili kwa nauli, kuanzia hapo waambie bei yako.

Nani achukue ipi

Ukitaka harusi, kwaya na makala zako mwenyewe, na mashine yako inabeba: Resolve ya bure, kujifunza kwa fundi, kisha toleo la Studio la kulipia ukishapata harusi ya nne au ya tano. Ukitaka ajira ya taasisi, au kupewa kazi na ofisi msimu wa bajeti na wa Nane Nane pale Nzuguni: Premiere, kwa malipo halali, ikiwezekana miezi michache ya kujifunzia kisha ofisi yenyewe igharamie. Mashine dhaifu na hela hakuna: Kdenlive na proksi, usione haya. Biashara ndogo mtandaoni: CapCut, na zoezi lile la kila wiki.

Ikiwa bado unasita kati ya Premiere na Resolve, Adobe wanatoa siku chache za majaribio bure. Zitumie vizuri. Kabla ya kuziwasha, rekodi saa moja ya kitu kimoja kwa fremu 25: mazoezi ya kwaya, soko la Majengo asubuhi, bibi yako akipika mlenda huku akisimulia. Kata dakika tatu kwenye Resolve, halafu dakika tatu zile zile kwenye Premiere, kwa mashine ile ile. Andika kwenye karatasi muda wa kuingiza klipu, wa kukata, wa rangi na wa kurenda. Kwangu tofauti ilikuwa kubwa kwenye rangi na ndogo kwingine kote. Kwako huenda ikawa kwenye kukata tu, kwa sababu ya RAM. Video zote mbili ziweke kwenye flashi bila kuzipa jina la programu. Ukinitafuta, njoo na flashi hiyo pamoja na karatasi, tukae nusu saa tuzitazame.